Waandishi wa riwaya wa Serbia na siasa za nchi yao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila nikizungumza na wasomaji wenzangu kuhusu riwaya za Serbia, maswali ni yale yale. Wengi huanza na vita vya miaka ya 1990 vilivyoivunja Yugoslavia, nchi ambayo Serbia ilikuwa sehemu yake, wakauliza waandishi walikuwa wapi. Hapa nimekusanya maswali hayo na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yana mengi ndani, na mengine kwa mistari michache.

Kwa nini mwandishi wa riwaya ana uzito mkubwa hivyo Serbia?

Kwa sababu Waserbia walikuwa na simulizi kabla hawajawa na dola. Wakati wa utawala wa Waosmani, habari za wafalme, vita na mashujaa zilihifadhiwa na waimbaji waliopiga gusle, chombo cha uzi mmoja, wakighani tenzi ndefu mbele ya watu. Anayejua namna tenzi zetu za pwani zilivyobeba historia ataelewa upesi. Katika karne ya 19 Vuk Karadžić alizikusanya na kuzichapisha, akatengeneza pia tahajia inayotumika hadi leo. Tangu hapo, mtu anayeandika vizuri huhesabiwa kuwa mtunza kumbukumbu za taifa, atake asitake.

Sababu ya pili ni chama kimoja. Katika Yugoslavia ya Tito, rais wa Kikomunisti, bunge halikupinga na magazeti yalichungwa, ila riwaya ilipenya mahali ambapo hotuba haikuweza kupenya. Chukua Goli Otok, kisiwa kikavu cha Adriatiki ambako kuanzia 1949 walifungwa watu walioshukiwa kuwa upande wa Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti ambaye Tito alikuwa amekosana naye. Kwa miaka mingi hakuna aliyekitaja kwa sauti. Dragoslav Mihailović, ambaye mwenyewe alifungwa huko, alikigusa katika riwaya yake fupi Kad su cvetale tikve (Maboga Yalipochanua) ya mwaka 1968. Mwaka uliofuata mchezo wa kuigiza uliotokana na kitabu hicho ulisimamishwa mjini Belgrade baada ya Tito mwenyewe kuulaumu. Rais wa nchi anapopata muda wa kukemea mchezo wa jukwaani, wasomaji wanajua kitabu kimegonga penyewe. Watu wakazoea kusoma riwaya wakitafuta yasiyoandikwa gazetini, na mazoea hayo hayakufa chama kilipokufa.

Tuzo ya NIN ni nini, na kwa nini watu hugombana juu yake kila mwaka?

NIN ni gazeti la kila wiki la Belgrade. Tangu 1954 limekuwa likitoa tuzo kwa riwaya bora ya mwaka, na mshindi hutangazwa Januari ya mwaka unaofuata. Ni mwaka 1959 tu majaji walipoamua kwamba hakuna kitabu kilichostahili. Kitabu kikishinda, kinakuwa mazungumzo ya nchi nzima: kinawekwa dirishani mwa maduka, kinaazimwa maktaba hadi foleni, na jirani asiyesoma kitu mwaka mzima anakinunua.

Ndiyo maana ugomvi hauishi. Mapema mwaka 2021 kundi la waandishi lilitangaza hadharani kwamba halitaki tena vitabu vyake vishindanishwe, likililalamikia jopo la majaji. Baadaye gazeti lenyewe lilibadili mmiliki, na waandishi wake wengi wakaondoka kwenda kuanzisha gazeti jipya la kila wiki, Radar. Wapo wanaosema tuzo imechuja. Mimi naona kwamba hakuna anayegombania kitu kisicho na thamani, na kwamba orodha ya washindi bado ndiyo njia nyepesi ya kuona Serbia ilikuwa ikiwaza nini mwaka fulani.

Ni kweli mwandishi wa riwaya aliwahi kuwa rais?

Ni kweli. Dobrica Ćosić, aliyezaliwa 1921, alipigana vitani upande wa wapiganaji wa msituni wa Tito, akaandika riwaya juu ya vita hivyo mwaka 1951, kisha akawa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo ya NIN kwa riwaya yake Koreni (Mizizi). Alikuwa karibu na wakubwa wa chama hadi 1968, aliposimama ndani ya Kamati Kuu kupinga sera ya chama kuhusu Kosovo, jimbo la Serbia lenye Waalbania wengi. Hapo alitengwa. Badala ya kufifia, alikua. Katika miaka ya 1970 alitoa Vreme smrti (Wakati wa Kifo), riwaya ya juzuu nne juu ya Serbia katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Familia nyingi ziliisoma kama historia yao wenyewe, na watu wakaanza kumwita baba wa taifa.

Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa maoni yangu. Mwaka 1986 magazeti yalifichua rasimu ya waraka wa Akademia ya Sayansi na Sanaa ya Serbia, uliodai kwamba Waserbia wanaonewa ndani ya Yugoslavia. Ćosić hakuwa miongoni mwa walioteuliwa kuuandika, lakini alikuwa mwanachama wa Akademia na fikra zake zilikuwa zimeenea humo. Slobodan Milošević, mwanasiasa aliyekuja kuitawala Serbia, aliyachukua malalamiko yale na kuyafanya ngazi ya kupandia. Mwezi Juni 1992, Bosnia ikiwa tayari inawaka moto, Ćosić alikubali kuwa rais wa Yugoslavia iliyobaki, yaani Serbia na Montenegro. Hakudumu hata mwaka. Alipoanza kutofautiana na Milošević, bunge lilimwondoa, Juni 1993.

Alifariki 2014. Wapo wanaomwombolezea hadi leo na wapo wasioweza kulisikia jina lake bila hasira, hasa Sarajevo na Pristina, miji mikuu ya Bosnia na Kosovo. Riwaya zake za mwanzo ni kazi nzuri, nalisema hilo bila kusita. Lakini mtu aliyeuchora vyema uchungu wa wakulima waliopelekwa vitani 1914 alikaa kwenye kiti cha urais wakati vijana wengine wa vijijini wakipelekwa vitani kwa maneno yaliyofanana na ya vitabu vyake. Jambo hilo linaniuma kila ninapofungua ukurasa wake.

Kwa hiyo waandishi ndio walioleta vita?

Hapana. Vita vililetwa na wenye majeshi, fedha na televisheni. Ila baadhi ya waandishi walitoa msamiati. Katika jumba la Chama cha Waandishi, Mtaa wa Francuska namba 7 mjini Belgrade, miaka ya 1980 ilianza kwa jambo jema: jioni za kupinga kufungwa kwa mshairi Gojko Đogo kwa sababu ya mashairi yake. Ukumbi ulijaa na watu wakajifunza kusema bila woga. Muda si mrefu, ukumbi ule ule ukawa wa kuzungumzia mateso ya Waserbia wa Kosovo, na sauti zikapanda. Uhuru wa kusema na chuki kwa jirani vilipita mlango mmoja, na wengi waliokuwa wamekaa vitini hawakutambua saa ngapi kimoja kiliondoka na kingine kikaingia.

Yupo hata aliyekuwa mtenda maovu mwenyewe. Radovan Karadžić, kiongozi wa Waserbia wa Bosnia, alikuwa mshairi, na riwaya yake ilichapishwa 2004 wakati akiwa mafichoni. Mwaka 2019 majaji wa Umoja wa Mataifa mjini The Hague walimfunga maisha kwa makosa yakiwemo mauaji ya kimbari ya Srebrenica, mji wa Bosnia.

Nani walikataa?

Nitaanza na Danilo Kiš, kwa kuwa bila yeye huelewi wengine. Alizaliwa Subotica mwaka 1935. Mama yake alikuwa wa Montenegro, na baba yake Myahudi aliyepelekwa Auschwitz asirudi. Mwaka 1976 alichapisha Grobnica za Borisa Davidoviča (Kaburi la Boris Davidovich), masimulizi saba ambayo mengi yanawahusu wanamapinduzi waliomezwa na mapinduzi yao wenyewe. Kundi la wakubwa wa fasihi wa Belgrade lilimshutumu kwamba ameiba maandishi ya wengine. Mzozo uliendelea miezi kwa miezi magazetini. Alijibu kwa kitabu kizima, Čas anatomije (Somo la Anatomia) cha 1978, akiwachambua washutumu wake neno kwa neno. Ndani yake zimo kurasa chache kuhusu utaifa, ambazo miaka kumi na mitano baadaye zilisomeka kama unabii: kwamba mzalendo wa kupindukia hajui kitu kuhusu jirani yake na hataki kujua, maana anajiona kwa kupitia woga tu. Aliirudisha tuzo ya NIN aliyokuwa amepewa kwa Peščanik (Saa ya Mchanga), akahamia Paris. Alifariki Oktoba 1989, hata hakuona Yugoslavia ikivunjika.

Kiš hakukubali kuitwa msemaji wa kabila lolote. Alitaka kuitwa mwandishi, basi. Vijana waliobaki na akili timamu katika miaka ya 1990 walijifunza hilo kwake.

Filip David, rafiki wa Kiš, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Beogradski krug (Mduara wa Belgrade), umoja wa wasomi waliopinga vita, na alipoteza kazi katika televisheni ya taifa enzi za Milošević. Vladimir Arsenijević alishinda NIN ya 1994 kwa riwaya yake ya kwanza, U potpalublju (Chini ya Sitaha). Inamhusu kijana wa Belgrade na mkewe mjamzito katika miezi ya vuli ya 1991, kila hodi mlangoni ikiwa huenda ni karatasi ya kuitwa jeshini. Hakuna shujaa humo. Kwa nchi iliyolishwa mashujaa tangu enzi za gusle, kitabu kisicho na shujaa kilikuwa tendo la kisiasa.

David Albahari aliondoka kimya kimya 1994 kwenda Calgary, Kanada, akaendelea kuandika Kiserbia hadi mwisho wa maisha yake. Alifariki Belgrade mwaka 2023.

Je, waandishi walioingia upinzani walifaulu?

Inategemea unaita nini kufaulu. Borislav Pekić alifungwa mwaka 1948 akiwa kijana wa miaka 18 kwa kuwa katika kikundi cha siri cha vijana wa kidemokrasia, akahukumiwa miaka 15 na kusamehewa baada ya mitano. Baadaye aliishi London, akaandika Zlatno runo (Ngozi ya Dhahabu), riwaya ya juzuu saba juu ya ukoo wa wafanyabiashara. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Chama cha Kidemokrasia vyama vingi viliporudi. Mwaka 1991 aligombea ubunge katika mtaa wa wafanyakazi wa Rakovica, Belgrade, akashindwa na Vojislav Šešelj, mhubiri wa chuki ambaye baadaye The Hague ilimtia hatiani. Sijui kisa kifupi kuliko hicho kinachoieleza Serbia ya mwaka ule. Leo Pekić ana sanamu katikati ya jiji.

Vuk Drašković ni habari nyingine. Riwaya yake Nož (Kisu) ya 1982, juu ya mauaji ya Vita vya Pili vya Dunia nchini Bosnia, ilizua zogo na kumpa jina. Mwaka 1990 aliunda chama, mwanzoni kwa lugha ya utaifa mkali, kisha akageuka kuwa mpinzani mkubwa wa vita na wa Milošević. Aliongoza maandamano ya tarehe 9 Machi 1991 yaliyozimwa kwa vifaru. Mwaka 1993 alikamatwa na kupigwa vibaya pamoja na mkewe. Tarehe 3 Oktoba 1999 lori liliyavamia magari yake katika barabara ya Ibar. Watu wanne walikufa, yeye akapona, na baadaye mahakama iliwatia hatiani watu wa usalama wa taifa. Juni 2000 alipigwa risasi mjini Budva, akapona tena. Kuanzia 2004 hadi 2007 alikuwa waziri wa mambo ya nje. Sifurahii kila alichoandika, lakini ujasiri wake hauna ubishi.

Ivo Andrić ni mwandishi wa Serbia kweli?

Swali hili huvunja urafiki, kwa hiyo twende taratibu. Alizaliwa Bosnia mwaka 1892 katika familia ya Wakroatia Wakatoliki. Aliandika Kiserbia cha Belgrade, akaishi na kuzikwa Belgrade. Alikuwa balozi wa Yugoslavia mjini Berlin mwaka 1941 Hitler alipoishambulia nchi yake. Akarudi, akajifungia ndani ya nyumba wakati wa uvamizi, na humo akaandika Na Drini ćuprija (Daraja juu ya Mto Drina). Alipata Nobel mwaka 1961, na fedha zake akazitoa kwa maktaba za Bosnia na Herzegovina. Waserbia, Wakroatia na Wabosnia wote wana hoja. Mwaka 2014 ulifunguliwa mji mdogo wa mawe uitwao Andrićgrad huko Višegrad, Bosnia, kando ya daraja lenyewe, kazi ya mtengenezaji filamu Emir Kusturica. Kwa Waislamu waliofukuzwa na kuuawa Višegrad mwaka 1992, mji huo ni kidonda kilichotoneshwa kwa jina la mwandishi asiyeweza tena kujitetea.

Mwaka 2017 waandishi na wanaisimu, Arsenijević akiwemo, walitoa Tamko la Lugha ya Pamoja, wakisema Kiserbia, Kikroatia, Kibosnia na Kimontenegro ni lugha moja yenye sura nne. Sisi ambao Kiswahili chetu kinavuka mipaka ya nchi nyingi bila kubadili jina hatuoni ajabu. Kule, waliotia saini walitukanwa hadharani.

Serikali za baada ya Milošević ziliwatendeaje waandishi?

Kwanza kwa heshima. Baada ya Oktoba 2000, Milošević alipoangushwa, kadhaa walifanywa mabalozi: Svetislav Basara alikwenda Cyprus, Dragan Velikić akaenda Vienna. Wote wawili wameshinda NIN mara mbili, na wote wameandika safu magazetini kwa miaka mingi. Safu ndiyo silaha halisi ya mwandishi wa Belgrade. Wengi wanaomjua Basara wanamjua kwa safu zake kuliko kwa riwaya.

Lakini heshima ina mpaka. Sreten Ugričić, mwandishi wa riwaya, aliongoza Maktaba ya Taifa ya Serbia tangu 2001. Hii ni maktaba ambayo jengo lake la zamani liliteketezwa na mabomu ya Wajerumani tarehe 6 Aprili 1941, vitabu laki tatu na zaidi vikawa majivu. Januari 2012 Ugričić alitia saini tamko la kutetea haki ya mwandishi wa Montenegro, Andrej Nikolaidis, kusema atakacho. Serikali ilimfukuza kazi mara moja. Saini moja ilifuta zaidi ya miaka kumi ya utumishi.

Siku hizi njia zimebadilika. Mwandishi hafungwi, hutukanwa na magazeti ya udaku yaliyo karibu na watawala. Marko Vidojković, ambaye riwaya yake Kandže (Makucha) ya 2004 inasimulia maandamano ya majira ya baridi ya 1996 na 1997, ametishiwa kuuawa mara nyingi kwa sababu ya kipindi anachokiendesha na mwenzake mtandaoni.

Wanawake wako wapi?

Walikuwepo siku zote, ila tuzo zilichelewa kuwaona. NIN ilianza 1954. Mwanamke wa kwanza kuipata ni Dubravka Ugrešić wa Zagreb, kwa mwaka 1988. Svetlana Velmar-Janković alifuata kwa mwaka 1995, ingawa kitabu chake kikubwa zaidi kwangu ni Lagum cha 1990, sauti ya mwanamke wa tabaka la kati ambaye mumewe anauawa na Wakomunisti walioshinda Vita vya Pili vya Dunia na nyumba yao inachukuliwa. Milena Marković alishinda kwa mwaka 2021 na Deca (Watoto), riwaya iliyoandikwa yote kwa ushairi, na mwaka uliofuata akashinda Danica Vukićević. Milica Vučković ameandika juu ya mwanamke anayeteswa na mpenzi wake, na kitabu hicho kimesomwa mno. Wanawake hawa hawajawahi kuitwa mama wa taifa. Naona ni afadhali hivyo: wanaandika juu ya jikoni, kitanda na hospitali, na humo nchi nzima inaonekana.

Wanaishi kwa kalamu?

Wachache sana. Serbia ina watu wapatao milioni 6.6. Wizara ya Utamaduni hununua nakala kwa ajili ya maktaba, na Maonyesho ya Vitabu ya Belgrade kila Oktoba huuza vizuri. Wengi wana kazi nyingine: Goran Petrović, aliyefariki Januari 2024, alikuwa mkutubi, Vladimir Tasić anafundisha hisabati Kanada, Miodrag Majić alikuwa jaji wa Mahakama ya Rufani alipochapisha riwaya yake ya kwanza, Deca zla (Watoto wa Uovu), mwaka 2019.

Waandishi wako wapi katika maandamano yaliyoanza 2024?

Wapo, ila si mbele. Tarehe 1 Novemba 2024 paa la zege la kituo cha treni cha Novi Sad liliporomoka; waliokufa walifikia 16. Wanafunzi walifunga vyuo vikuu na kudai uwajibikaji, na mwishoni mwa Januari 2025 waziri mkuu alitangaza kujiuzulu. Wanafunzi walikataa kuwa na kiongozi. Kila jambo liliamuliwa na mkutano wa wote. Waandishi walitia saini matamko ya kuwaunga mkono, wakatembea nao barabarani, lakini kipaza sauti hawakukishika wao. Nimefuatilia jambo hili kwa furaha kubwa. Kizazi hiki hakikwenda kumtafuta mzee wa kukiambia chenyewe ni nani.

Kuna uhusiano wowote na Afrika Mashariki?

Wa kisiasa zaidi kuliko wa kifasihi. Mkutano wa kwanza wa wakuu wa Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote ulifanyika Belgrade Septemba 1961, na Tito alizitembelea Tanzania na Kenya mwaka 1970. Belgrade ina Makumbusho ya Sanaa ya Afrika yaliyofunguliwa 1977.

Nianze na kitabu gani?

Kama unasoma Kiingereza, anza na Andrić, Daraja juu ya Mto Drina. Linasimulia zaidi ya karne tatu za mji mmoja na halichoshi. Kisha Kaburi la Boris Davidovich la Kiš. Ukipenda michezo ya akili, tafuta Kamusi ya Wakhazari ya Milorad Pavić ya 1984, riwaya iliyopangwa kama kamusi na kutolewa katika nakala mbili, ya kiume na ya kike, zinazotofautiana kwa aya moja tu.

Lakini ukiniuliza kimoja tu, nitakupa Gec i Majer (Götz na Meyer) cha Albahari. Mwalimu wa Belgrade anachunguza jinsi jamaa zake walivyokufa mwaka 1942, wanawake na watoto wa Kiyahudi waliotolewa kambi ya Sajmište ndani ya lori la gesi, na anajaribu kuwaza wale madereva wawili Wajerumani walikuwa watu wa namna gani, nani kati yao aliwapa watoto peremende. Kitabu kizima ni aya moja. Kisome siku ambayo huna safari, maana hutaweza kukiweka chini.